Kazi ya ngozi kwa anayeanza: kipochi cha kadi, hatua kwa hatua

Anayeanza kazi ya ngozi kwa kawaida huhangaikia mshono. Mshono hujifunzwa kwa siku moja. Kinachoharibu kazi nyingi za mwanzo ni mpangilio: ukingo uliopaswa kusuguliwa kabla ya kubandika unasahaulika, gundi inapakwa kwenye uso unaong'aa na haishiki, rangi inapakwa baada ya nta na ngozi inaikataa. Na ngozi haikupi nafasi ya kurudi nyuma. Tundu likishatoboka limetoboka, na tone la mafuta likishazama halitoki. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia kuchagua ngozi hadi kumaliza kipochi kidogo chenye mifuko miwili, na unaeleza kwa nini kila hatua imekaa pale ilipo.

Ngozi ipi

Ngozi mbichi huoza. Ili isioze hutiwa dawa, na dawa hiyo ndiyo inayoamua ngozi itakubali kufanywa nini. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza hutumia tanini, inayotoka kwenye magome, mbao na majani ya miti, na kazi yake huchukua wiki kadhaa. Ya pili hutumia chumvi za kromu. Ilienea viwandani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu humalizika kwa siku chache tu. Hapa tutaziita ngozi ya magome na ngozi ya kromu.

Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, inashika umbo, inanywa maji na rangi, inakubali kupigwa mihuri ya mapambo, na kingo zake zikisuguliwa hung'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Ngozi ya kromu ni laini, inanyumbuka, inavumilia maji zaidi, lakini kingo zake hazing'ai kwa kusuguliwa hata ukisugua kutwa. Zinahitaji rangi maalumu ya kingo, tabaka mbili au tatu, na msasa kati ya tabaka na tabaka. Kwa kazi ya kwanza chukua ya magome bila kusita. Inafundisha, kwa sababu inaonyesha kila unachoifanyia.

Kuzitofautisha, tazama ukingo uliokatwa. Ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati, ya magome ina hudhurungi hafifu. Dondosha tone la maji usoni: ngozi ya magome isiyopakwa kitu hulinywa na kuiva rangi papo hapo. Geuza pia upande wa nyuma. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni plastiki iliyovalishwa sura ya ngozi.

Ngozi ya ng'ombe haiko sawa mwili mzima. Mgongoni ni nene, imeshikamana na haivutiki, na ndiyo inayofaa mikanda. Begani ina mikunjo ya hapa na pale lakini inakatika vizuri na inafaa kwa kazi ndogo. Tumboni imelegea na inavutika. Kipochi kilichokatwa tumboni kitapanuka mdomo baada ya muda mfupi, hata ukikishona vizuri namna gani.

Unene hupimwa kwa milimita. Vipochi vya kadi hutaka milimita 1 hadi 1.2, sehemu ya nje ya pochi 1.2 hadi 1.5, mikoba 2 hadi 2.5, mikanda 3.5 hadi 4. Usinunue ngozi nene kwa kudhani ndiyo imara. Kipochi hiki kina tabaka tatu pembeni. Kwa ngozi ya milimita 2 kila tabaka, utapata kitu cha milimita 6 kabla hata ya kuweka kadi. Kwa vipimo vilivyomo humu, kipande cha sentimita 22 kwa 15 kinatosha. Chukua mara mbili yake, nusu iwe ya mazoezi.

Vifaa

Orodha za vifaa mitandaoni zinatisha, na vingi vilivyomo havina kazi. Unachohitaji kweli ni hiki: kisu chenye makali ya kubadilishwa, rula ya chuma, mkeka wa kukatia, patasi ya meno, ile ya kutobolea matundu ya mshono, yenye nafasi ya milimita 4 kati ya meno (moja ya meno manne na moja ya meno mawili), nyundo ya mbao au ya plastiki ngumu, sindano mbili butu, uzi wa poliesta uliopakwa nta wa unene wa milimita 0.6, gundi ya mpira, msasa wa namba 240, 400 na 600, bikari, kijiti laini cha mbao na kipande cha nta ya nyuki. Kikwangua kingo, kile chombo kidogo cha kuondoa pembe kali za ukingo, ni cha kuongeza mapema ukiweza. Msharasi, ule wa fundi viatu, utakusaidia kuchorea mistari na kupanua matundu yanayobana.

Pesa yako iende kwenye ngozi na patasi. Patasi hafifu ina meno manene yenye kingo za kukwaruza. Hupanua tundu badala ya kulikata, na mshono unakaa umelala. Kama unayo tayari, lainisha meno yake kwa msasa namba 600 kisha 1000 mpaka yateleze.

Nyundo ya chuma usiipige juu ya patasi. Inachanua kichwa cha patasi, na inaruka. Chuma kina ubaya mwingine pia: tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa doa jeusi lenye ubuluu. Vumbi la chuma kutoka kwenye kisu ulichokinoa, likibaki vidoleni na ngozi ikalowa, linaacha alama hizo. Mafundi hutumia mwitiko huohuo kwa makusudi kutia ngozi rangi nyeusi, wakiloweka chuma kwenye siki. Kwa doa la bahati mbaya, maji ya limau yaliyozimuliwa yakipakwa mapema hulififisha, na mara nyingine hulitoa kabisa.

Kukata

Kadi za benki na vitambulisho vingi zina kipimo kimoja cha kimataifa: milimita 85.60 kwa 53.98. Kipochi chetu kina vipande vitatu. Cha mbele na cha nyuma, kila kimoja upana milimita 100 na kimo 72. Cha mfuko wa nje, upana 100 na kimo 46.

Vipimo hivyo havikuchaguliwa ovyo. Mshono unakaa milimita 4 kutoka ukingoni, kwa hiyo upana unaobaki ndani ni 92. Kadi inapata nafasi ya milimita 6 na kidogo, inayotosha kadi tatu au nne kupita bila kukwama. Mstari wa chini una mishono 23 kamili ya milimita 4, na kila ubavu una 16. Tundu moja la ubavuni linaangukia milimita 44 kutoka chini na linalofuata 48. Mdomo wa mfuko uko kwenye 46, katikati yao, kwa hiyo mshono mmoja unaukumbatia mdomo huo. Ungekata mfuko wa milimita 45, tundu lingekuwa milimita 1 tu kutoka mdomoni, na hapo ndipo mfuko ungechanika, kwa kuwa ndipo kidole kinapovuta kila siku.

Chora vipande kwenye kadibodi ngumu kwanza, uikate, na uhakikishe pembe ni mraba kwa kutumia kona ya karatasi ya kiwandani. Weka kadibodi juu ya uso wa ngozi na uizungushie mstari hafifu kwa msharasi. Usitumie kalamu ya wino, itabaki. Ongeza milimita 1 pembeni na chini kwa kila kipande. Ziada hiyo itaondolewa na msasa baada ya kubandika.

Kisu kisimame wima kabisa. Kikilala kidogo, ukingo unakatika mshazari na tabaka hazitalingana. Pita mara mbili au tatu kwa nguvu ndogo kuliko mara moja kwa nguvu nyingi: mkato mmoja mzito huvuta ngozi, na rula huteleza. Vidole vinavyoshika rula visichungulie nje ya ukingo wake. Kisu kikianza kuvuta nyuzi za ngozi badala ya kukata, badilisha makali wakati huohuo.

Kwenye kipande cha nyuma, katikati ya mdomo wa juu, kata umbo la U lenye upana wa milimita 24 na kina cha 20. Kadi ikiwa ndani, kichwa chake kitakuwa milimita 14 chini ya mdomo, hivyo bila tundu hilo la kidole gumba hutaitoa bila kukigeuza kipochi na kukikung'uta. Upinde wa U ukate kwa mikato midogo mingi iliyonyooka, kisha uviringishe kwa msasa uliozungushwa kwenye kalamu.

Kabla ya gundi

Hii ndiyo sehemu inayorukwa, na ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya kubahatisha.

Kama unataka rangi, ipake sasa. Ngozi isiwe imeguswa na mafuta, nta wala gundi, maana popote vilipopita rangi haitaingia. Paka kwa kitambaa, tabaka jembamba, kwa mzunguko, kisha tabaka la pili likienda upande mwingine. Acha ikauke saa 24 na uifute kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kibaki safi. Usipofanya hivyo, rangi itahamia kwenye nguo. Ukipenda kuiacha ngozi na rangi yake ya asili, jua la siku moja au mbili huiivisha kuwa ya asali.

Halafu upande wa ndani, ule wenye manyuzi. Lowesha kidogo kwa sponji, usugue kwa kijiti au kwa chupa ya kioo mpaka manyuzi yalale. Fanya kwa vipande vyote vitatu.

Sasa kingo ambazo baada ya kushona hutazifikia vizuri: mdomo wa mfuko wa nje, midomo ya vipande vikubwa viwili, na lile umbo la U. Zipige msasa 400 kisha 600, ondoa pembe kali, uzing'arishe kabisa kama inavyoelezwa chini. Kingo za pembeni na za chini ziache kwanza.

Mwisho, weka mfuko juu ya kipande cha mbele na uweke alama ndogo kila ubavu pale mdomo wake unapoishia. Chini ya alama hizo, kwaruza uso wa ngozi kwa msasa 240, upana wa milimita 3 kutoka ukingoni. Gundi inashika nyuzi, haishiki uso laini.

Kubandika

Fungua madirisha. Paka gundi ya mpira tabaka jembamba pande zote mbili zinazokutana, upana wa milimita 3 tu. Ikivuka mstari wa mshono inakula nafasi ya kadi, na kadi zinanata. Subiri gundi ipoteze mng'ao na iguswe bila kushika kidole. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 15, kutegemea gundi na hali ya hewa. Wanaoanza hubandika ikiwa bado mbichi, tabaka zinateleza, na wanailaumu gundi.

Bandika mfuko kwenye kipande cha mbele kwanza. Anza na pembe za chini, maana gundi hii ikishagusana haisogei. Kisha bandika kipande cha nyuma, upande wa ndani kwa upande wa ndani. Gongagonga kingo kwa nyundo ya mbao na uache kwa saa moja. Baada ya hapo piga msasa namba 240 uliofungwa kwenye ubao bapa, pembeni na chini, mpaka tabaka zote ziwe uso mmoja na kipimo kirudi kuwa 100 kwa 72. Pembe mbili za chini ziviringishe kidogo tu. Ukizila sana, tundu la konani litakuwa karibu mno na ukingo. Vaa barakoa, vumbi hili si la kuvuta.

Matundu

Fungua bikari milimita 4, mguu mmoja utembee nje ya ukingo na mwingine uchore mstari usoni mwa kipande cha mbele. Weka chini ya kazi kipande cha ngozi chakavu au plastiki laini, juu ya kitu kizito kama bapa la jiwe. Ukifanyia mezani, kaa juu ya mguu wa meza: katikati ya meza nguvu ya nyundo inapotea kwenye mtikisiko.

Weka kwanza alama za matundu bila kutoboa: bonyeza patasi kwa mkono mstari mzima, jino moja likikaa daima kwenye alama ya mwisho iliyopita. Anza kwenye kona ya chini na upande juu. Tundu la mwisho litakuwa milimita 4 chini ya mdomo. Kama mstari wa chini hauishii konani sawasawa, gawanya tofauti kwa kuibana au kuilegeza mishono mitano au sita ya mwisho kwa kiasi kisichoonekana. Alama zikikubali, ndipo upige.

Patasi isimame wima kwa kila upande. Iangalie kutoka mbele na kutoka ubavuni kabla ya kila pigo, kwa sababu kwa mbele kila kitu kitaonekana sawa. Makosa hutokea nyuma, ambako mstari unapanda na kushuka. Ikinasa, bana ngozi chini kwa mkono mmoja na uivute juu moja kwa moja. Ukiitikisa huku na huku, matundu yanakuwa mapana. Kuchomeka meno kwenye nta ya nyuki kila baada ya mapigo machache kunaondoa tatizo hilo.

Mshono

Mshono wa tandiko hutumia uzi mmoja na sindano mbili, kila ncha na yake. Kila tundu hupitiwa mara mbili, kutoka kushoto na kutoka kulia, hivyo uzi ukikatika sehemu moja, uzi unaotoka upande wa pili bado unashikilia. Kwenye mshono wa mashine nyuzi mbili zinategemeana kwa kunasana, na moja ikikatika mshono huanza kufumuka.

Kata uzi mara nne ya urefu wa mstari, na uongeze sentimita 40 za kushikia. Mstari wetu ni milimita 220, kwa hiyo mita 1.3. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la sindano, kisha uuchome uzi huohuo kwa ncha ya sindano, sentimita 4 kutoka mwisho wake. Sukuma uzi uliochomwa mpaka upite tundu la sindano, uvute, ujifunge. Hautachomoka.

Shika kazi kwa kibano cha mbao kinachobanwa kati ya mapaja. Mbao mbili zilizofungwa pamoja zitatosha. Uso wa mbele utazame kulia kwako, na ushone ukija upande wako. Anza kwenye tundu la tatu kutoka juu, ushone kurudi juu mpaka la kwanza, kisha ugeuke ushuke. Hivyo mdomo, unaobeba nguvu nyingi, unapata mishono miwili. Ulinganishe uzi kushoto na kulia, halafu kwa kila tundu fuata utaratibu mmoja: sindano ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, ikipita daima upande uleule wa uzi uliotangulia. Ukibadilisha katikati ya njia, mshono ule mmoja utalala wakati wenzake wameinama, na jicho litauona wa kwanza.

Kabla ya kukaza, vuta uzi wa kwanza nyuma kidogo. Ukigoma, sindano imeuchoma. Rudisha sindano sasa. Baada ya kukaza hutaweza. Kaza mikono yote miwili kwa nguvu sawa mpaka uzi ukae kwenye ngozi bila kuikunja. Mshono uliokazwa kupita kiasi hukunja ukingo kuwa mawimbi.

Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu, toa ncha zote upande wa nyuma, kata ukibakiza milimita 2, na uyeyushe kwa moto wa kiberiti cha gesi ukibonyeza mara moja kwa kitu cha chuma. Uzi wa kitani hauyeyuki. Huo utie tone la gundi ndani ya tundu. Kisha gongagonga mshono wote kwa nyundo laini ili ulale.

Kingo

Piga msasa 400 halafu 600. Pitisha kikwangua pembeni pande zote mbili. Paka rangi ya ukingo kama ngozi ina rangi. Lowesha ukingo kwa kidole chenye maji, sentimita chache kwa wakati, na usugue kwa kijiti cha mbao haraka na kwa mkono mwepesi. Kinachong'arisha ni joto la msuguano. Ukigandamiza, ukingo hutanuka ukafanya mdomo kama uyoga. Ukilowesha mno, unalainika na maji yanaacha mstari mweusi usoni. Ukishang'aa, pitisha nta ya nyuki na usugue tena kwa kipande cha turubai. Kama bado unaona mistari ya tabaka, hukumaliza msasa. Rudi 400, maana nta haifichi.

Malizia kwa mafuta ya ngozi, tabaka jembamba sana kwa kitambaa, uache usiku kucha. Mafuta ya kupikia usiyatumie. Huchacha na kunuka. Ngozi iliyolowa ikaushwe kivulini, mbali na moto, kwani joto huikunja isirudi tena. Ngozi iliyobaki iviringishwe kama mkeka, isipigwe kunjo, na isifungiwe kwenye plastiki isije ikaota ukungu.

Baada ya kipochi

Mkanda ndio wa pili, na ni rahisi kuliko unavyoonekana kwa kuwa hauna tabaka. Pima mkanda unaouvaa sasa, kutoka kwenye chuma cha bakoli, kile kifungio cha mkanda, mahali ngozi inapojikunja hadi tundu unalolitumia. Ongeza sentimita 8 za kukunjia bakoli na 15 za mkiani. Tumia ngozi ya mgongo ya milimita 3.5 hadi 4. Tundu la katikati likae kwenye kipimo chako, mawili kila upande wake, yakiachana milimita 25. Sehemu ya kukunja ipunguze unene kwa kuiparua upande wa ndani mpaka ifike karibu nusu, la sivyo itagoma kulala na bakoli itasimama mbali na kiuno.